Leta haitoki kwa kuleta

Leo nataka kubishana juu ya neno moja, na pia na rafiki mmoja ambaye ni mwenzetu katika umoja huu. Neno lenyewe ni Leta. Rafiki sitamtaja, anajijua.

Jambo lilianzia kwenye mstari. Mwaka jana nilikwenda katika ofisi moja kutafuta kashe juu ya kopi ya diploma yangu. Kashe moja tu na sahihi moja. Nilifika saa mbili asubuhi, nikakuta watu kumi na wawili mbele yangu, na zamu yangu ilipofika ilikuwa karibu saa sita. Kijana wa gishe akanitajia bei. Lakini ukutani, juu ya kichwa chake, kulikuwa na karatasi yenye bei nyingine, ndogo kuliko ile, wino wake umefifia. Nikaionyesha kwa kidole. Akaitazama kama mtu anavyotazama kalenda ya mwaka uliopita.

Nyuma yangu alisimama mzee mmoja mwenye kofia. Akanigusa bega, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: « Mutoto yangu, unashangalaka nini? Si inaitwa Leta? Leta ni leta! Ulizani bababu baliitaka vile bure? »

Mstari wote ulicheka. Mimi pia nilicheka, nikatoa feza, nikapata kashe. Lakini nilipokuwa natoka na kopi yangu mkononi, kitu kimoja kilinikaa rohoni. Aliyecheka kuliko sisi wote alikuwa yule kijana wa gishe. Alicheka huku anahesabu noti.

Majuma mawili baadaye tulikuwa na mkutano wetu wa kawaida. Rafiki yangu, mtu aliyesoma na anayejua kusema mbele ya watu, akasimama kuzungumza juu ya rushwa. Akaanza hivi: neno Leta linatoka katika kitenzi kuleta, kwa sababu babu zetu waliona mzungu kazi yake ni kuamuru tu: leta mpira, leta kodi, leta kuku, leta mayai. Hilo kwa mzee wa kofia lilikuwa mzaha. Kwa rafiki yangu limekuwa elimu. Watu walipiga makofi, na wengine waliandika kwenye daftari. Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta, na leo naliandika, kwa heshima yote ninayompa.

Neno limetoka wapi

Leta ni l'État ya Kifaransa, na kile kijineno cha mbele kimeng'ang'ania neno kama kupe. Watu wetu walisikia wazungu wakisema l'État hivi, l'État vile, wakalichukua kama walivyolisikia, bila kukata. Si neno pekee lililofanyiwa hivyo. Lopitalo, ambalo wengi wetu tunalitumia kila siku, ni l'hôpital, na L yake ilibaki kwa njia ile ile.

Mtu atasema: basi hiyo ni bahati tu, labda maneno mawili yamekutana, na babu zetu walisikia « leta » yao ndani ya l'État. Inawezekana walisikia na wakacheka, kama sisi. Lakini kusikia mzaha ndani ya neno si sawa na kuwa mzaha huo ndio uliolizaa neno. Ushahidi uko kwa majirani.

Tuanze na Lingala. Msemaji wa Lingala naye anasema Leta, tangu Kinshasa mpaka Kisangani. Lakini akitaka umletee kitu hasemi « leta », atasema « memela ngai ». Kwake yeye neno Leta halina harufu yoyote ya kuleta. Twende Kwilu na Kongo-Central. Kule kuna lugha ambayo wataalamu wanaiita Kituba, na jina lake lingine linalojulikana sana ni Kikongo ya Leta, yaani Kikongo cha serikali, juu ni lugha ambayo watu wa serikali walikuwa wanaitumia. Hakuna anayefikiri kwamba ni Kikongo cha kuletewa.

Sasa tuvuke Ruzizi. Mnyarwanda anasema Leta y'u Rwanda. Mrundi naye anayo Leta yake, wengine wanaandika Reta. Lakini kwao kuleta ni kuzana. Kama Leta ingetoka kwa amri ya « leta! », basi Mnyarwanda angeita serikali yake Zana. Hakuiita hivyo. Aliipata Leta kwa njia ile ile tuliyoipata sisi: Ubelgiji ilitawala Ruanda-Urundi, na kuanzia 1925 iliiunganisha na Kongo katika utawala mmoja. Makaratasi yalikuwa ya Kifaransa, na neno lilitembea na makaratasi.

Kuhusu kitenzi chetu kuleta, chenyewe ni mzee wa Kibantu. Waganda wanacho, wanasema okuleeta, na hawakukipata kwa Mfaransa. Kilikuwepo kabla ya mzungu yeyote kuweka mguu Boma. Kwa hiyo tuna maneno mawili yenye sura moja na wazazi tofauti. Kiswahili kimejaa mambo hayo. Kaa ni amri ya kuketi, kaa ni kipande cha moto, kaa ni mdudu wa baharini mwenye makucha. Hakuna anayesema kwamba mdudu yule aliitwa kaa kwa sababu anapenda kuketi. Kufanana jina si undugu.

Hapo sehemu ya kwanza ya ubishi wangu imekwisha. Kama ingekuwa hiyo tu, nisingewachosha. Mtu akikosea asili ya neno hakuna anayekufa. Lakini nafikiri kosa hili lina kazi linaloifanya kati yetu, na kazi hiyo si nzuri.

Kabla ya Leta kulikuwa na Bulamatari

Ili kuelewa, tumuulize kwanza aliyekaa kwenye kiti kabla ya Leta. Wazee wetu, wale waliozaliwa enzi ya Mbelgiji, hawakusema Leta peke yake. Walisema Bulamatari.

Neno hilo ni la Kikongo. Bula ni kuvunja, kupasua. Matadi ni mawe, ndiyo maana mji wa Matadi unaitwa hivyo, na ukifika pale unaona mwenyewe. Mwenye jina alikuwa mtu mmoja: Henry Morton Stanley. Mwaka 1879 alirudi kwenye mdomo wa mto Kongo, safari hii akiwa mtumishi wa mfalme Leopold II. Mto una maporomoko, meli hazipandi, kwa hiyo ilibidi kukata njia ya kupitisha mizigo kutoka Vivi kwenda juu. Njia ilipita kwenye mwamba. Watu wa pale walimwona mzungu na nyundo yake kubwa, wakamwita Bula Matari, mvunja mawe.

Stanley alilipenda jina hilo sana. Aliliandika katika kitabu chake cha 1885 juu ya kuanzishwa kwa ile iliyoitwa Nchi Huru ya Kongo, na alipokufa mwaka 1904 likaandikwa juu ya jiwe la kaburi lake huko Pirbright, Uingereza, chini ya jina lake la kizungu. Lakini tujiulize: nani alivunja mawe yale kwa kweli? Mtu mmoja hawezi kukata barabara ya mwamba. Waliovunja ni vibarua wake, wakiwemo Wazanzibari aliokuja nao, watu waliokuwa wakisema Kiswahili miaka mingi kabla yako na yangu. Jasho lilikuwa la wengi, jina likachukuliwa na mmoja.

Halafu jina likafanya jambo la ajabu. Lilimtoka Stanley, likaingia kwa wazungu wengine waliofuata, kisha likaingia kwa utawala wote. Posta ya utawala, Bulamatari. Askari anayekuja kijijini, ametumwa na Bulamatari. Kodi, ya Bulamatari. Lilipanda mto pamoja na wapagazi na askari, likafika mpaka huku kwetu ambako hakuna anayesema Kikongo. Mwaka 1994 profesa Mmarekani Crawford Young alipoandika kitabu kuhusu serikali za kikoloni Afrika nzima, alilichukua neno hilo letu liwe jina la utawala wa aina hiyo.

Angalieni vizuri mwendo wake. Bulamatari lilikuwa jina la mtu likawa jina la serikali nzima. Mwanakijiji aliyelitamka alijua kwamba nyuma ya utawala kuna mtu mwenye mikono na nyundo. Leta imefanya safari ya kinyume. Ni jina la serikali nzima ambalo mtu mmoja, wa gishe au wa barabarani, anajifunika nalo kama blanketi.

Tunayo pia serikali, neno la tatu. Hilo lilitoka Uajemi, sar ni kichwa na kar ni kazi, yaani yule aliye kichwa cha kazi. Wahindi nao wanalo, na watu wa pwani walilichukua kabla halijafika huku. Hapa kwetu serikali ni neno la redio: serikali imetangaza, serikali imejiuzulu. Serikali iko mbali, Kinshasa. Leta ndiyo inayokutana nawe kwenye barriere. Sikilizeni sarufi ya mtaani. Hatusemi « Leta inakuja » kama kitu. Mama wa soko akiona watu wa taksi wanaingia, anasema « Leta anakuja », au « Leta banakuja », anafunga kitambaa chake juu ya nyanya. Leta kwetu ni mtu. Ana miguu, ana mfuko.

Pale mzaha unaposema kweli

Sitaki kumwonea mzee wa kofia. Mzaha wake haukuzaliwa hewani. Historia ya utawala katika nchi hii, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kuamriwa kuleta.

Enzi ya Leopold watu walilazimishwa kuleta mpira wa porini na pembe za ndovu. Mwaka 1903 iliandikwa sheria kwamba mtu atatoa saa 40 za kazi kila mwezi kwa ajili ya utawala. Kwenye karatasi ni saa 40. Kule porini, ambako kikapu cha mpira kilipimwa na mtu mwenye kiboko, saa hazikuhesabiwa na mletaji. Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908, kodi ya kichwa ikawa ya feza, na mtu asiye na feza akaenda kuitafuta migodini au mashambani kwa wazungu. Mwaka 1917 yakaja mazao ya lazima: lima pamba, utake usitake, na bei atapanga mwingine.

Baada ya uhuru amri ilibadilisha nguo tu. Tukapata Salongo, kazi ya lazima yenye nyimbo. Na kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990, mshahara wa mwalimu ulipoyeyuka, wazazi ndio waliombeba mwalimu mgongoni. Wengi wetu tunaosoma hapa tulifukuzwa darasani asubuhi fulani na neno lile lile: nenda nyumbani, ulete. Katiba ya 2006 ilisema shule ya msingi ya Leta ni bure, na ilibidi kungoja mpaka 2019 ndipo gratuité ianze kutekelezwa.

Kwa hiyo, mzee akisema « Leta ni leta », anasema kitu ambacho mgongo wake unakijua. Kama ushahidi wa maisha, nakubali. Tena ni ushahidi mzuri kuliko ripoti nyingi.

Pale mzaha unapotudanganya

Lakini rafiki yangu hakuusimamisha kama ushahidi wa maisha. Aliusimamisha kama asili. Na hapo ndipo ninapoachana naye, kwa sababu tatu.

Ya kwanza: asili ya uongo inageuza tabia kuwa damu. Kama Leta ilizaliwa ikiitwa « leta! », basi kuomba ndiyo maumbile yake, kama vile mbuzi anavyokula majani. Nani anamkasirikia mbuzi? Utacheka, utatoa, utakwenda. Ndiyo maana kijana wa gishe alicheka sana siku ile. Mzee alifikiri anamchoma, kumbe amempa ruhusa, tena amempa ruhusa yenye sahihi ya mababu. Ile karatasi ya ukutani ilikuwa na bei halali. Mzaha wetu ulikuwa na nguvu kuliko karatasi.

Na nisifanye kosa lile lile upande mwingine. Najua kuna watakaosema: état inatoka katika Kilatini, status, jambo lililosimama, kwa hiyo Leta ni kusimama imara, Leta ni haki. Hapana. Asili ya neno si hukumu na si ahadi. Neno zuri limebeba maovu mengi hapa duniani. Ninachosema ni kidogo tu: hakuna kitu ndani ya neno hili kinachomlazimisha mtu yeyote kukuomba feza isiyoandikwa. Anayekuomba ameamua mwenyewe.

Ya pili: mzaha unamficha mwenye mkono. Ukisema « Leta aliniomba dola tano », nani alikuomba? Kinshasa haijui kwamba upo. Bajeti ya nchi haitaiona dola hiyo. Aliyekuomba ana jina, ana kiti, ana mkubwa wake, na pengine mkubwa wake ana hesabu ya kupokea jioni. Hayo ndiyo ya kuchunguza. Neno Leta linayafunika yote kwa silabi mbili. Hata maneno yetu mengine ya jambo hili yanaficha hivyo hivyo: matabishi, neno la Kireno lililotupitia, madesu ya bana, maharagi ya watoto, kama vile watoto wa yule bwana ndio walioandika bei. Tuna utajiri wa maneno ya kuficha aliyenyoosha mkono. La kumtaja hatuna, au tunalo na tunaliogopa.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Mzaha unatuweka sisi upande mmoja na Leta upande mwingine, kama kwamba Leta ni kabila la watu wa mbali. Mnaijua michoro ile ya Lubumbashi inayoitwa Colonie Belge? Tshibumba Kanda Matulu aliichora mara nyingi miaka ya 1970, na wachoraji wengine pia, na ilining'inia katika nyumba za watu wa kawaida. Ni kiwanja cha gereza. Mzungu amesimama na kofia yake ngumu, anatazama. Mfungwa amelala chini, nguo imeshushwa. Anayepiga ni nani? Ni askari mweusi. Mchoraji hakukwepa. Aliwapa watu picha ya kuweka sebuleni, na ndani ya picha hiyo mkono unaoinua kiboko unafanana na mkono wa mwenye nyumba. Hiyo ni kweli ambayo « Leta ni leta » haiwezi kuisema.

Mimi pia nilikuwa Leta

Sasa nisiwahubirie kama mtakatifu.

Nilipokuwa G2 nilikuwa CP wa promotion yetu. Kulikuwa na syllabus ya kozi moja, kurasa chache zilizopigwa fotokopi vibaya, na bei yake ilikuwa ya kitabu kizima. Mhusika hakutamka kamwe kwamba ni lazima. Aliniambia tu: « CP, utaniletea liste ya waliochukua. » Niliielewa. Wote tuliielewa. Nilipita benchi kwa benchi na daftari. Nilikusanya. Kilichobaki baada ya kuzungusha hesabu kilikuwa changu, kidogo, ya unités na ya moto. Hakuna aliyenipa hiyo chenji na hakuna aliyenikataza.

Dada mmoja alinijia na nusu. Mama yake anauza makala, ilikuwa majira ya mvua, makala hayatembei. Akasema: « CP, pokea hii, ingine nitaleta juma kesho. » Nikamjibu, na maneno ninayakumbuka kama ya jana: « Hapana, leta yote. » Jina lake halikuingia kwenye liste. Kozi hiyo aliirudia kwa session ya pili, na mimi nilijiambia kwamba labda hakusoma vizuri.

Siku ile sikuwa na ofisi, sikuwa na matricule, sikuwa na kashe. Nilikuwa na daftari tu na kiti cha kukopeshwa. Na ilitosha. Kama mngeniuliza ningesema mambo ndivyo yalivyo, ndivyo shule ya Leta inavyofanya kazi, mimi ni mtumwa tu wa katikati. Bila kujua, nilikuwa natumia elimu ya rafiki yangu: Leta ni leta.

Ndiyo maana siwezi kucheka tena. Si kwamba mzaha ni mchungu. Ni kwamba ulinisaidia.

Tufanye nini na neno hili

Sipendekezi tuache kusema Leta. Ni neno letu, tumelifinyanga wenyewe kutoka kinywani mwa wengine, na liko kwenye diploma ya kila mmoja wetu: diploma ya Leta. Hata aliyelala na njaa ili aipate anaiita hivyo kwa fahari.

Napendekeza kitu kidogo cha sarufi. Tubadilishe mtenda wa sentensi. Kilichoandikwa kwenye sheria, chenye bei ukutani na risiti mkononi, hicho ni Leta, na tukilipe bila kunung'unika, maana shule na barabara hazijengwi na upepo. Kisichoandikwa tusikiite Leta. Tuseme: bwana fulani wa gishe ya pili aliniomba. Tuseme: mimi CP niliwaomba. Katiba yenyewe, artikle ya 193, inasema utawala wa umma hauna chama wala upendeleo, na hakuna mwenye ruhusa ya kuugeuza kwa faida yake mwenyewe. Kwa hiyo anayefanya hivyo hafanyi kazi ya Leta. Anaiba jina lake.

Najua mtaniuliza kama nimejaribu. Nimejaribu. Miezi michache baadaye nilirudi ofisi ile ile kwa kopi nyingine. Kijana alikuwa yule yule. Alipotaja bei yake nikamwambia kwa upole: « Kaka, sawa, lakini uniandikie risiti ya hiyo bei, na jina yako. » Akaniambia mkubwa yuko mu réunion, nirudie kesho. Nilirudi kesho yake. Nikangoja mpaka saa nane. Nikapata kashe kwa bei ya ukutani, na hakunitazama usoni. Nikijumlisha feza za moto za siku mbili, nilipata hasara. Sitawadanganya kwamba kuna aliyepiga makofi. Nyuma yangu mtu alilalamika kwamba ninachelewesha mstari, na alikuwa na haki ya kuchoka.

Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti na mara ya kwanza. Hakuna aliyecheka, si sisi, si yeye.

Wengi wetu humu tunatafuta kazi ya Leta, na baadhi tutaipata: komine, division, shule, mahakama. Siku moja utakaa wewe upande wa pili wa gishe, mshahara umechelewa mwezi wa tatu, na mzee mwenye kofia atakufanyia mzaha ule. Atakuwa anakupa mlango. Ukicheka naye umeingia. Hapo kujua kwamba neno lilitoka Ufaransa na si kwa kuleta hakutakujaza tumbo, hilo nalijua. Lakini angalau hutaweza kusema kwamba mababu ndio walioamua.

Rafiki yangu wa mkutano, nangoja jibu lako, na kama nimekosea kuhusu lugha, nisahihishe mbele ya wote kama nilivyofanya mimi. Nanyi wengine, kama kwenu wazee wana neno lingine la kuwaita wenye mamlaka, tuandikieni, pamoja na maana yake.

Na yule dada wa G2, kama unasoma hapa: nusu uliyoleta ilitosha. Mimi ndiye niliyekosa.